Vitabu vya Kujisaidia: Tuvichague Vipi, Tuvisome na Nani?

Somo la juma kwa familia na vikundi vya nyumbani

Masomo ya kufungua nyumbani: 2 Timotheo 4:9–21, Wafilipi 4:10–14, Wagalatia 6:2–5

 

Juzi baada ya ibada, tulipokuwa tukinywa chai, dada mmoja alitujia sisi wa kikundi cha afya akatuuliza kwa sauti ya chini: "Dada zangu, mnajua kitabu chochote kizuri? Nataka nijifunze kusimama mwenyewe, moyo wangu usimtegemee mtu." Hakuwa wa kwanza. Kaka mmoja alituuliza jambo hilo hilo mlangoni huku akivaa koti, kana kwamba anauliza saa. Kijana mmoja alitutumia picha ya jalada la kitabu, akaandika maneno matatu tu: "Hiki ni kizuri?"

Tuliona maswali haya hayafai kujibiwa mlangoni, ndiyo maana tumeandaa somo hili. Tuseme mapema tunakoelekea. Kitabu kizuri kinaweza kukusaidia sana. Lakini kinasaidia zaidi pale unapokisoma huku kuna mtu mmoja anayejua kwamba unakisoma, na anayejua ni kwa nini.

Tulilojifunza kwa kosa letu

Miaka kadhaa iliyopita mmoja wetu alianza kuja ibadani na kitabu mkononi. Ametupa ruhusa tusimulie habari hii bila kumtaja jina. Juma hili alikuwa na kitabu hiki, baada ya majuma mawili kingine. Vyote vilikuwa vya namna moja: jiamini, jipende, badilisha maisha yako, usimhitaji mtu. Sisi tulimsifu. Tuliwaambia watoto wetu, "Mwangalieni mama yenu mdogo anavyosoma." Alikuwa akihudumia wazee kwa zamu za usiku, na mchana alilala saa tatu au nne tu. Mume wake alikuwa bado Afrika akisubiri karatasi.

Kitabu kimoja kilimwambia aondoe maishani mwake kila mtu anayemmaliza nguvu. Alipojiuliza ni nani hao, akaona ni wale wanaopiga simu kutoka nyumbani kuomba msaada. Akaacha kupokea simu, hata za mama yake mzazi. Majuma yakapita. Siku moja mama yake alimtumia ujumbe mfupi wa sauti. Hakuomba fedha. Alitaka tu kujua kama mwanawe amekula. Dada yetu aliusikiliza akiwa chooni kazini, na kwa muda mrefu akashindwa kutoka. Asubuhi ile alimpigia mmoja wetu, na kwa mara ya kwanza akasema kwamba kwa miezi mingi alikuwa hatamani kuamka.

Nyumbani kwake tulikuta vitabu 11. Sisi wenye elimu ya afya katika kanisa hatukuwa wachache, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza, "Dada, unasoma kutafuta nini?" Tuliona kitabu, tukaacha kumwona aliyekishika. Leo anaendelea vizuri. Alipata matibabu, mumewe amefika, na anaongea na mama yake kila Jumamosi. Bado anasoma, ila siku hizi hasomi peke yake.

Mtume aliyeomba watu, joho na vitabu

Fungueni 2 Timotheo sura ya 4. Paulo yuko kifungoni na anajua mwisho wake umekaribia. Dema amemwacha. Kreske na Tito wameondoka, kila mmoja na njia yake. Sasa tazameni orodha ya mambo anayoyaomba. Anamwomba Timotheo aje upesi, tena amchukue Marko waje pamoja. Anaomba aletewe joho lake alilomwachia Karpo kule Troa. Anaomba vitabu vyake, hasa vile vya ngozi. Na katika mstari wa 21 anasisitiza kwamba Timotheo afike kabla ya majira ya baridi.

Sisi tunaoishi mahali ambapo mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa tisa alasiri, tunamwelewa. Mtu huyu aliandika nyaraka ambazo dunia inazisoma hadi leo, lakini hakuona aibu kusema kwamba anahitaji vazi la kumpa joto, kitu cha kusoma, na rafiki. Vitabu vipo kwenye orodha yake, ila haviko peke yake. Na tusisahau nani alikuwa amebaki naye: Luka, ambaye Wakolosai 4:14 inatuambia alikuwa tabibu.

Basi mtu akituuliza jina la kitabu, tunapenda kuangalia orodha nzima. Ndugu, unalala? Unakula? Una nani wa kuongea naye? Lini mara ya mwisho ulimwona daktari? Tukishajua hayo, tunazungumza habari ya kitabu.

Kusimama mwenyewe maana yake nini?

Wazee wetu walituachia methali mbili ambazo ukizisikia haraka zinapingana. Moja inasema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Nyingine inasema mtu ni watu. Huku Uswidi nako tumekuta msemo, ensam är stark, yaani aliye peke yake ndiye mwenye nguvu. Wengi wetu tumeusikia kazini hadi tumeanza kudhani kwamba ndiyo dalili ya mtu aliyekomaa: halii, haombi, hamsumbui mtu.

Barua kwa Wagalatia inatusaidia hapa. Katika mstari wa 2 wa sura ya 6 Paulo anawataka wabebeane mizigo. Mistari mitatu mbele anasema kila mtu ana mzigo wake wa kubeba. Je, amejipinga? Hapana. Katika Kiyunani ni maneno mawili tofauti. La kwanza, baros, ni uzito unaomwelemea mtu. La pili, phortion, ni furushi la safari, saizi ya mtu mmoja.

Furushi langu ni lipi? Hasira yangu. Maneno ninayojisemea usiku. Namna ninavyomjibu mke au mume wangu nikirudi nimechoka. Kukubali kosa na kuomba radhi. Kulala kwa wakati badala ya kukaa na simu hadi saa nane. Hayo hakuna atakayenibebea, na hapo kitabu kizuri ni msaada mkubwa.

Na uzito unaoelemea ni upi? Msiba uliotokea nyumbani ukashindwa kwenda kuzika. Barua ya uhamiaji isiyokuja. Habari za vita kutoka Goma au Uvira wakati ndugu zako wako huko. Ugonjwa wa mtoto. Huo haujaumbwa ubebwe na mtu mmoja. Mtu akijaribu kuubeba kwa kusoma kitabu peke yake chumbani, ataanza kujilaumu kwamba hajasoma vya kutosha.

Angalieni na Wafilipi 4. Paulo anasema amejifunza kuwa radhi katika hali yoyote. Neno alilotumia mstari wa 11 ndilo wanafalsafa wa wakati ule walilitumia kwa mtu anayejitosheleza. Lakini mstari wa 14 anawashukuru Wafilipi kwa kushiriki dhiki yake. Moyo uliotulia haukumfanya aache kupokea mkono wa ndugu.

Je, vitabu vinasaidia kweli?

Vinasaidia, na mfano mzuri uko karibu na nyumbani kwetu. Katika kambi ya wakimbizi ya Rhino Camp, kaskazini magharibi mwa Uganda, Shirika la Afya Duniani na washirika wake walijaribu njia ya kujisaidia kwa wanawake wakimbizi kutoka Sudan Kusini. Walioshiriki katika utafiti huo walikuwa 694. Walikuwa wanawake waliopitia vita, na wengi hawakuwa na nafasi ya kumwona mtaalamu wa afya ya akili.

Nusu ya vijiji vilipata mafunzo hayo. Wanawake walikusanyika kwa vikundi, mara tano, kama saa mbili kila mara. Walisikiliza mafundisho yaliyorekodiwa kwa lugha yao, wakaongozwa na watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi, na kila mmoja akapewa kitabu cha picha. Waliojifunza walifundishwa mambo matano: kutulia na kuhisi ardhi chini ya miguu wakati moyo unapovurugika, kujinasua kutoka kwenye mawazo yanayowavuta, kutenda kulingana na yale wanayoyathamini, kuwa wapole kwa nafsi zao na kwa wengine, na kuyapa maumivu nafasi bila kupigana nayo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Miezi mitatu baada ya mafunzo, waliohudhuria walikuwa na msongo mdogo kuliko wenzao ambao hawakuyapata.

Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu hicho kwa watu wote bila malipo. Kwa Kiingereza kinaitwa Doing What Matters in Times of Stress. Kina picha nyingi na maneno machache, na kuna sauti za kusikiliza unapofanya mazoezi. Kipo pia kwa Kifaransa na Kiarabu na lugha nyingine nyingi. Ukituuliza uanzie wapi, sisi tungekwambia uanzie hapo.

Lakini angalieni vizuri kilichofanyika Rhino Camp. Kitabu hakikutupwa mlangoni. Wanawake walikaa pamoja, wakakutana tena juma lililofuata. Hapa Uswidi pia, watafiti kama Gerhard Andersson wa Chuo Kikuu cha Linköping wamefanyia kazi kwa miaka mingi matibabu ya kujisaidia kupitia intaneti, na jambo moja limejirudia: kwa kawaida mtu huendelea vizuri zaidi akiwa na mtu anayemfuatilia, hata kwa ujumbe mfupi wa kila juma. Kule Cardiff, Wales, mwanasaikolojia Neil Frude alianzisha mwaka 2003 mpango wa daktari kumwandikia mgonjwa kitabu kama anavyoandika dawa, na mgonjwa anakiazima maktaba. Pale nako kuna daktari aliyekichagua kitabu kwa sababu anamjua mgonjwa.

Si mali ya wageni peke yao

Tumesikia vijana wakisema kwamba vitabu vya kujijenga ni vya Wazungu. Historia inasema tofauti. Mskoti Samuel Smiles alichapisha kitabu kilichoitwa Self-Help mwaka 1859, na wengi wanahesabu ndicho kilichoipa aina hii ya vitabu jina lake. Lakini kama mwaka mmoja hivi kabla yake, kwenye visiwa vya Lamu, Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mgonjwa na akamtungia binti yake utenzi wa kumwachia mausia ya maisha. Baadaye Shaaban Robert naye aliandika tenzi za kuwausia watoto wake. Hivi ni vitabu vya kujenga moyo, tena kwa lugha yetu wenyewe.

Utaona jambo moja kwa Mwana Kupona: hamsemeshi msomaji asiyemjua, anamsemesha binti yake. Si kila ushauri wake kuhusu mke na mume tutauchukua leo, na hiyo pia ni elimu. Msomaji mzima huchukua kinachofaa akaacha kisichofaa, hata anapomheshimu mwandishi. Tukifanya hivyo kwa Mwana Kupona, tufanye hivyo hivyo kwa kitabu kipya chenye jalada linalong'aa.

Maswali sita kabla ya kukichukua

1. Nani ameandika, na amesomea nini? Hapa Uswidi jina psykolog linalindwa na sheria, na vitabu huandika leg. psykolog kwa mwenye leseni. Ukiwa na shaka unaweza kuuliza Socialstyrelsen kama mtu ana leseni. Lakini mtu yeyote anaweza kujiita kocha au terapeut. Kocha anaweza kuwa na hekima, ila ujue unamsikiliza nani.

2. Kinaahidi nini? Kitabu kinachosema utapona majeraha ya utotoni kwa siku saba, kirudishe kwenye rafu. Sisi wauguzi tunajua hata kidonda cha mguu hakifungi kwa namna hiyo.

3. Kinakupa kitu cha kufanya? Kitabu kizuri kina zoezi dogo: andika, pumua, tembea, mpigie mtu fulani, pima baada ya juma moja. Kitabu kinachokusisimua tu jioni na asubuhi hujui uanze wapi, hicho ni kama chai yenye sukari nyingi.

4. Kinasemaje kuhusu watu wako? Vitabu vingi vimeandikiwa mtu ambaye mshahara wake ni wake mwenyewe, na wazazi wake wana pensheni. Maisha yetu si hayo. Kitabu kikisema "weka mipaka", tusikielewe kana kwamba kimesema "kata undugu". Kumwambia mdogo wako, "Nitatuma kiasi hiki kila mwisho wa mwezi, zaidi ya hapo sina," huo ni mpaka. Kutopokea simu yake ni jambo lingine.

5. Kinasema lini umwone daktari? Mwandishi mwaminifu anajua kitabu chake kinaishia wapi. Kikikuambia uache dawa ulizoandikiwa, kifunge. Dawa huachwa kwa mashauri ya daktari, tena mara nyingi polepole.

6. Kiko kwa lugha ambayo moyo wako unaielewa? Kiswidi cha kazini kinatosha kuagiza vifaa, lakini pengine hakitoshi kueleza huzuni. Hakuna aibu kuanza na kitabu cha Kiswidi chepesi, lättläst, au kusoma kwa Kifaransa, Kiingereza au Kiswahili.

Mahali pa kuvipata hapa kwetu

Usikimbilie kununua. Maktaba ya Sundbyberg iko Signalfabriken, katikati ya mji, na kuazima vitabu ni bure. Wengi wetu tunapita pale kila siku tukienda sokoni bila kuingia. Mwambie mfanyakazi wa maktaba neno moja, självhjälp, atakuonyesha rafu. Kama hutaki kueleza habari zako, si lazima. Hatakuuliza kwa nini. Na kama bado huna namba ya utambulisho ya Uswidi, uliza hata hivyo namna ya kupata kadi. Usirudi nyumbani kwa kudhani.

Sheria ya maktaba ya nchi hii, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2014, inazitaka maktaba za umma zituangalie kwa namna ya pekee sisi ambao lugha yetu ya mama si Kiswidi, kwa kutoa vitabu kwa lugha nyingine na kwa Kiswidi chepesi. Kwa hiyo unapoomba kitabu cha Kiswahili hujaomba upendeleo. Kama hakipo, omba kiletwe kutoka maktaba nyingine. Wao huita fjärrlån. Stockholm kuna Maktaba ya Kimataifa, Internationella biblioteket, yenye vitabu kwa lugha zaidi ya 100, nayo huzikopesha maktaba nyingine nchini.

Kwa wale ambao kusoma maandishi ni shida kwa sababu ya macho, ugonjwa au tatizo la kusoma, kuna vitabu vya kusikiliza kupitia Legimus. Mfanyakazi wa maktaba ndiye anayekufungulia mlango wa huduma hiyo. Wazee wetu, msione haya kuomba.

Tusome pamoja

Waswidi tunaowasikia wakisema aliye peke yake ndiye mwenye nguvu, wana desturi nyingine ambayo haisemwi sana. Mwaka 1902, mjini Lund, Oscar Olsson wa chama cha kupinga ulevi alianzisha kile kinachoitwa studiecirkel. Wafanyakazi wasio na shule kubwa walikaa pamoja, wakachangia vitabu, wakasoma na kujadiliana bila kuhitaji profesa. Wengi walijiendeleza kwa njia hiyo. Kwa hiyo hata wenyeji wetu hawakufika walipofika kila mtu peke yake chumbani.

Sisi tunapendekeza jambo dogo. Watu wanne hadi sita, kitabu kimoja, mikutano mitano, saa moja na nusu kila mara. Akina baba wawe na kikundi chao wakipenda, maana tunajua baba aliyekuwa mwalimu Bujumbura au Kigoma na sasa anasafisha ofisi usiku ana maneno ambayo hatayasema mbele ya watoto. Kila mmoja aeleze zoezi alilojaribu na lilivyomwendea. Habari za kikundi zibaki kwenye kikundi. Haziwi maombi ya hadharani Jumapili bila ruhusa ya mwenyewe. Na asitumike mtoto kuwa mkalimani wa moyo wa mzazi. Mtoto anaweza kukusomea barua ya shule, lakini huzuni ya mama yake ni furushi kubwa mno kwa mabega yake.

Kitabu kinapokuwa hakitoshi

Eliya alipotamani kufa chini ya mti kule nyikani, 1 Wafalme 19, malaika alimgusa akampa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamgusa tena. Mahubiri hayakutangulia. Kuna wakati mtu anahitaji kulala, kula na kutibiwa kabla ya kusoma ukurasa hata mmoja.

Huzuni ikikaa zaidi ya majuma mawili, usingizi ukikuacha, chakula kikikosa ladha, kazi za kawaida zikikushinda, ukianza kunywa ili ulale, piga simu vårdcentral, kituo chako cha afya, au namba 1177 upate ushauri. Omba tolk, mkalimani, wakati ule ule unapoweka miadi. Kama Kiswahili chako ni cha Kongo, sema hivyo.

Hapa tunataka kuwapa neno moja la kikazi. Sisi tukisema "nina mawazo", kila mmoja wetu anaelewa kwamba mtu huyo anaumia. Lakini mkalimani akitafsiri neno kwa neno, daktari anasikia kwamba una fikra, na nani hana fikra? Kwa hiyo eleza kwa mambo yanayoonekana: "Ninalala saa mbili kwa usiku. Nimepungua kilo sita. Ninalia kazini. Sitaki kuona watu." Daktari ataelewa.

Na kama wewe au mtu wa nyumbani mwako anafikiria kujiua, usisubiri Jumapili, wala usitafute kitabu. Piga 112 kama hatari ni ya sasa hivi. Kuna pia simu ya shirika la Mind, 90101, kwa mwenye mawazo ya kujiua. Tupigie na sisi. Hakuna atakayekuambia kwamba imani yako ni haba.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Katika orodha ya Paulo, watu, joho, vitabu, na tabibu aliyekuwa naye, ni kipi kinachokosekana kwako majira haya?
2. Taja jambo moja ambalo ni furushi lako, na moja ambalo ni uzito wa kubebwa na wengi. Umekuwa ukiyachanganya?
3. Ni ushauri gani uliwahi kuusoma au kuusikia ukakuumiza badala ya kukujenga? Ulijuaje?
4. Nyumbani kwenu mna neno gani la kusema "ninaumia" ambalo watoto wenu waliozaliwa huku hawalijui?

Zoezi la juma

Kabla ya Jumapili ijayo, ingia maktaba, wewe na mtoto wako ukiwa naye, mkachukue kitabu kimoja tu. Halafu mtaje mtu mmoja utakayemwambia: "Nasoma kitabu hiki, na nakisoma kwa sababu hii." Na ukimwona ndugu ana kitabu mkononi, usimsifu ukapita. Kaa karibu naye, umuulize.

Tuombe. Baba, tunakushukuru kwa vitabu na kwa waliovitunga kwa uaminifu. Tufundishe kubeba furushi letu bila kunung'unika, na kuupokea mkono wa ndugu bila aibu. Wakumbuke wanaotusoma usiku huu wakiwa peke yao. Watumie mtu kabla ya baridi kuingia, na utupe sisi miguu ya kuwa mtu huyo. Amina.